Somo la Kumi na Mbili: Daftari la Mali za Viongozi

(Nakala ya somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Bagamoyo na vijiji vya pwani kaskazini ya Dar es Salaam. Kiongozi wa kikundi aandike maneno mapya ubaoni kabla ya somo kuanza.)

MANENO MAPYA

Tamko: habari anayoitoa mtu wazi, kwa mdomo au kwa maandishi, na kuitilia sahihi yake.
Rasilimali: mali yote ya mtu, kama nyumba, shamba, fedha, gari, mashua, hisa.
Madeni: fedha au mali ambayo mtu anadaiwa na wengine.
Maslahi: faida au uhusiano alio nao mtu katika jambo fulani.
Kukagua: kutazama kwa makini ili kujua kama mambo ni sawasawa.
Mgombea: mtu anayeomba kuchaguliwa.

Katika somo lililopita tulijifunza kusoma stakabadhi, na kila mmoja wenu alitakiwa kuangalia mambo matatu: jina, tarehe na kiasi cha fedha. Leo tutazungumza juu ya karatasi nyingine ambayo wengi wenu hamjapata kuiona. Karatasi hiyo huitwa Tamko la Rasilimali, Maslahi na Madeni. Hujazwa na viongozi wetu. Maswali yetu leo ni mawili: kwa nini wanaijaza, na je, sisi raia tuna haki ya kuisoma?

KWA NINI KIONGOZI AANDIKE MALI YAKE

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Fikirini juu ya mtunza ghala wa chama cha ushirika. Siku anapopewa ufunguo, magunia huhesabiwa mbele yake, na hesabu huandikwa. Siku anaporudisha ufunguo, magunia huhesabiwa tena. Hapana mtu asemaye kuwa mtunza ghala ametukanwa kwa kuhesabiwa magunia. Kama ni mwaminifu, hesabu ile ndiyo shahidi wake wa kwanza. Kama si mwaminifu, hesabu ile ndiyo itakayomwonyesha.

Kiongozi naye amepewa ufunguo. Diwani hupiga kura juu ya viwanja, masoko na barabara. Mbunge hupitisha bajeti ya nchi nzima. Waziri hutia sahihi mikataba. Ghala la kiongozi ni kubwa mno, na si rahisi kuhesabu kila kilichomo. Kwa hiyo nchi nyingi zimeona njia nyingine: ahesabiwe kiongozi mwenyewe. Anapoingia madarakani aandike alicho nacho. Kila mwaka aandike tena. Anapotoka aandike kwa mara ya mwisho. Mtu akilinganisha karatasi hizo ataona kama mali imeongezeka kwa kadiri ya mshahara, au imekua kama mti uliopandwa jana na leo umezaa.

Sisi watu wa Bagamoyo tuna sababu ya kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Neno letu diwani ni la kale katika Mrima. Kabla ya Wajerumani kufika, madiwani wa Kishomvi ndio waliokuwa wakuu wa miji hii, na kule Kaole yako makaburi yao hata leo. Neno lenyewe lilitoka Uajemi na Uarabuni, na huko maana yake ya zamani ilikuwa daftari, yaani kitabu cha kuandikia watu na mapato. Baadaye likawa jina la ofisi na la baraza, na huku kwetu likawa jina la mtu mwenye cheo. Basi diwani na daftari zilikuwa jamaa moja tangu hapo kale.

TANGU AZIMIO LA ARUSHA

Tarehe 5 Februari 1967 chama cha TANU kilitangaza Azimio la Arusha. Ndani yake yalikuwamo masharti ya uongozi. Kiongozi wa TANU au wa Serikali alitakiwa awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Na kiongozi hapo maana yake ilikuwa mtu pamoja na mkewe au mumewe, ili pasiwe na njia ya kuficha mali kwa jina la mwenzi. Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya kuunda tume ya kuyasimamia masharti hayo.

Njia ya Azimio ilikuwa ya kukataza. Mambo kadhaa kiongozi hakuruhusiwa kuyafanya kabisa. Mwezi wa Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kuyalegeza masharti yale. Tangu hapo kiongozi aliruhusiwa kuwa na hisa, kupangisha nyumba na kupata mapato mengine. Lakini ukiondoa ukuta yakupasa uweke taa. Kiongozi akiruhusiwa kufanya biashara, wananchi nao wanahitaji kujua ni biashara gani.

SHERIA YA MWAKA 1995

Taa hiyo ni Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya mwaka 1995. Kazi ya kuisimamia iko kwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo imetajwa katika Katiba, Ibara ya 132. Mkuu wake huitwa Kamishna wa Maadili. Sekretarieti ina ofisi za kanda, na ofisi ya Kanda ya Mashariki iko Kibaha, katika mkoa wetu wa Pwani.

Sheria inawahusu viongozi wengi: Rais, Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, mawaziri, wabunge, majaji, wakuu wa mikoa na wilaya, mameya, wenyeviti wa halmashauri, na madiwani. Kiongozi hupeleka tamko lake kwa Kamishna ndani ya siku 30 tangu kupata cheo, kisha kila mwisho wa mwaka, na tena anapoacha cheo. Huandika mali yake, ya mke au mume, na ya watoto wake wadogo ambao hawajaoa wala kuolewa. Wabunge wana sharti jingine zaidi. Ibara ya 70 ya Katiba inamtaka kila Mbunge ampelekee Spika taarifa ya mali yake na ya mwenzi wake, na Ibara ya 71 inasema kwamba Mbunge asiyefanya hivyo aweza kupoteza kiti chake.

Kiongozi akikosa, liko Baraza la Maadili, ambalo huongozwa na jaji au aliyepata kuwa jaji. Adhabu ni za ngazi: yaweza kuwa onyo, kushushwa cheo, kushauriwa ajiuzulu, au kufukuzwa. Na kama kosa ni la jinai, shauri huweza kupelekwa mahakamani.

Je, viongozi hujaza fomu hizo? Wengi hujaza, wengine huchelewa. Mwezi wa Februari 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba mawaziri na naibu mawaziri watano walikuwa hawajarudisha fomu zao au ahadi ya uadilifu, na akawapa muda hadi jioni ya siku ileile. Fomu zilirudishwa. Angalieni jambo hili: fomu zilipatikana upesi pale majina yalipotajwa mbele ya watu wote.

NANI ANARUHUSIWA KULIFUNGUA DAFTARI?

Sasa tumefika katika moyo wa somo. Sikilizeni kwa makini.

Sheria ya 1995 yenyewe inasema kwamba daftari la matamko litakuwa wazi kwa raia kulikagua kwa wakati unaofaa. Mkono mmoja umefungua mlango. Lakini Kanuni zilizotungwa mwaka 1996 ziliweka masharti mlangoni. Anayetaka kukagua, kwanza awe amepeleka lalamiko kwa Kamishna juu ya kiongozi huyo. Pili, Kamishna aridhike kwamba lalamiko lina maana na limeletwa kwa nia njema. Tatu, alipe ada iliyowekwa. Tena, akishakuona kilichoandikwa, hana ruhusa ya kwenda kukitangaza gazetini wala barazani.

Hebu tusikilize mazungumzo ya mzee mmoja mvuvi na kijana wa darasa la jioni.

MZEE: Karibu, mwanangu. Unasoma nini hapo?
KIJANA: Shikamoo, mzee.
MZEE: Marahaba.
KIJANA: Nasoma habari za daftari la mali za viongozi. Sheria inasema raia anaweza kulikagua.
MZEE: Vyema. Basi nami nitapanda gari mpaka Kibaha, nikatazame la diwani wetu.
KIJANA: Taratibu, mzee. Ni lazima kwanza uwe na lalamiko juu yake.
MZEE: Mimi sina lalamiko. Nataka kujua tu. Nikishajua, ndipo nitakapojua kama ninalo lalamiko au sina.
KIJANA: Hapo ndipo penye fundo.
MZEE: Kumbe! Ni kama fundi wa mashua aniambie, nionyeshe kwanza tundu lilipo, kisha nitakuruhusu upande uitazame mashua.
KIJANA: Ndivyo, mzee.
MZEE: Na kama nimesikia watu wanasema sokoni?
KIJANA: Maneno ya sokoni ukiyapeleka kama lalamiko, na yakaonekana ni ya uongo au ya chuki, waweza kujitia mashakani wewe mwenyewe.

Ndugu wanafunzi, mzee huyu hajasoma sheria, lakini ameliona fundo lilipo. Ili uone daftari, uwe na lalamiko. Ili uwe na lalamiko lenye nguvu, yafaa uwe umeona daftari. Raia anabaki anazunguka kama ng'ombe wa kinu.

HOJA ZA PANDE MBILI

Yafaa tusikilize pande zote kabla ya kukata shauri.

Wanaotaka daftari lifungwe husema hivi. Kiongozi naye ni mtu, ana haki ya faragha. Mali yake ikitangazwa, wezi watajua wapi pa kuvunja. Ndugu na jamaa watamjia kila siku na mikono mitupu. Washindani wake watachukua karatasi na kuigeuza kuwa silaha ya matusi wakati wa uchaguzi. Na mtu mwema mwenye mali yake halali ataogopa kugombea.

Wanaotaka daftari lifunguliwe hujibu hivi. Hapana aliyelazimishwa kuwa kiongozi. Mambo yafaayo kufichwa, kama namba ya akaunti au mahali hasa nyumba ilipo, yaweza kufutwa kabla karatasi haijaonyeshwa. Matusi hustawi zaidi mahali pasipo na habari za kweli. Tena ofisi moja yenye watumishi wachache haiwezi kuchunguza maelfu ya fomu kila mwaka. Mtu ambaye anajua kwamba kiongozi ameandika nyumba mbili, na kumbe mtaani kwake ana tano, ni jirani yake.

Hoja hii ya jirani yataka mfano. Mwezi wa Aprili 2008 Watanzania walisikia kwamba Waziri wa Miundombinu, Andrew Chenge, alikuwa na zaidi ya dola milioni moja za Marekani katika kisiwa cha Jersey. Alipoulizwa, aliziita vijisenti, na neno hilo likaenea nchi nzima. Mwezi huohuo akajiuzulu. Mahakama haikumtia hatiani kwa fedha zile, na sisi hatumhukumu hapa. La kujifunza ni mahali habari ilipotokea. Haikutoka katika daftari la Kamishna. Ilitoka kwa wachunguzi wa Uingereza, waliokuwa wakichunguza rada ambayo kampuni ya BAE iliiuzia Tanzania. Daftari lilikuwa nyumbani, habari ikatoka ng'ambo.

Na mwisho wa shauri lile la rada una fundisho lake. Mwezi wa Desemba 2010 mahakama ya London iliitoza BAE faini ya pauni 500,000. Kosa ambalo kampuni ililikubali lilikuwa la kutoweka vitabu vya hesabu sawasawa. Zaidi ya hayo kampuni ilitoa pauni milioni 29.5 kwa faida ya watu wa Tanzania, na fedha hizo zikanunua vitabu vya shule za msingi. Basi mnaona, hata kampuni kubwa ya ng'ambo ilinaswa kwa kosa la daftari.

Mfano wa pili ni wa fedha za Tegeta Escrow. Mwezi wa Desemba 2014 Rais Jakaya Kikwete alimwondoa Waziri wa Ardhi, Profesa Anna Tibaijuka, baada ya kujulikana kuwa shilingi bilioni 1.6 ziliingia katika akaunti yake. Yeye alieleza kwamba ulikuwa mchango kwa ajili ya shule. Mwezi wa Februari 2015 Baraza la Maadili lilikaa katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, kusikiliza mashauri ya viongozi kuhusu fedha hizo, na waandishi wa magazeti walikuwapo. Wananchi walisikia mashtaka na walisikia majibu. Kusikiliza kwa wazi kulimpa nafasi mlalamikaji, na kulimpa nafasi mlalamikiwa pia.

WALIOFUNGUA KWA HIARI YAO

Sheria yetu haimkatazi kiongozi kutangaza mali yake mwenyewe. Mwaka 1995, alipochaguliwa kuwa Rais, Benjamin Mkapa aliwatangazia wananchi mali yake na ya mkewe. Mwaka 2015 chama cha ACT-Wazalendo, katika Azimio lake la Tabora, kiliwataka viongozi wake watangaze mali zao hadharani, na kiongozi wake Zitto Kabwe alitangaza zake. Hiari ni jambo jema. Lakini hiari haina mguu wa kusimamia: mmoja hutangaza, wa pili hukaa kimya, na raia hawezi kumdai yule aliyekaa kimya.

JIRANI ZETU

Huko Uganda, Sheria ya Maadili ya Uongozi ya 2002 inasema kwamba yaliyomo katika tamko ni habari ya umma, na raia anaweza kuyaomba kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Huko Kenya, sheria ya 2003 ilianza kwa kuyafanya matamko kuwa siri, baadaye ikarekebishwa ili mwenye sababu halali aweze kuomba. Na mwaka 2025 walitunga sheria mpya juu ya mgongano wa maslahi. Zanzibar wana sheria yao, Namba 4 ya 2015, na Tume yao ya Maadili. Huko Marekani, sheria ya 1978, iliyotungwa baada ya Rais Nixon kuanguka, inawataka viongozi wakuu na wagombea wa vyeo vya taifa watoe matamko ambayo mwananchi yeyote anaweza kuyasoma. Hapana nchi iliyomaliza rushwa kwa karatasi peke yake. Lakini huko raia hahitaji kuwa mlalamikaji ili awe msomaji.

NA MGOMBEA JE?

Hapa pana pengo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya 1995 inamfunga aliyekwisha kuwa kiongozi. Mtu anayegombea kwa mara ya kwanza hatakiwi na sheria hiyo kutoa tamko kabla ya siku ya kupiga kura. Kwa hiyo sisi tunachagua kwanza, naye anaandika baadaye.

Iko sheria nyingine, ya Gharama za Uchaguzi, Namba 6 ya mwaka 2010. Hiyo inamtaka mgombea aeleze fedha atakazotumia katika uchaguzi na zinakotoka, na chama kipeleke hesabu kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Kitambaa, chumvi na sukari vikigawanywa mlangoni kwako wakati wa kura, kumbuka kwamba kuna sheria inayouliza vimenunuliwa na nani.

HESABU YA LEO

Chukueni daftari zenu. Huu ni mfano wa kubuni, wala haumhusu mtu yeyote. Kiongozi mmoja aliingia madarakani mwaka 2020 na kutoka 2025. Katika miaka 5 alipata:

Mshahara na posho: shilingi 60,000,000
Mkopo wa benki: shilingi 20,000,000
Aliuza shamba la urithi: shilingi 15,000,000
Jumla: shilingi 95,000,000

Katika miaka hiyohiyo aliongeza mali hizi:

Nyumba 2, kila moja 40,000,000: shilingi 80,000,000
Lori 1: shilingi 45,000,000
Viwanja 3, kila kimoja 15,000,000: shilingi 45,000,000
Jumla: shilingi 170,000,000

Sasa toeni: 170,000,000 kutoa 95,000,000 ni 75,000,000. Na hapo tumechukulia kwamba hakula wala hakusomesha mtoto hata kwa senti moja.

Je, tumwite mwizi? La. Pengine mkewe ana biashara ya samaki inayoenda vizuri. Pengine aliuza mashua akasahau kuandika. Milioni 75 ni swali, na swali si hukumu. Mwenye mali halali atalijibu kwa stakabadhi. Ndiyo maana karatasi ina sehemu ya madeni: mtu mwenye nyumba mpya na deni kubwa hafanani na mtu mwenye nyumba mpya asiye na deni wala kipato kinachojulikana.

ARDHI YETU YA PWANI

Sehemu ya maslahi ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa pwani hii. Tazameni ardhi kutoka Bunju hadi Mapinga, Kerege, Zinga na Kaole. Mahali palipokuwa na mikorosho na minazi, leo mna kuta na mageti. Mwaka 2013 Serikali ilitia sahihi makubaliano na China juu ya bandari mpya ya Bagamoyo, upande wa Mbegani. Mwezi wa Oktoba 2015 jiwe la msingi likawekwa. Mwaka 2019 mradi ukasimamishwa, na mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba mazungumzo yatafufuliwa. Kila habari ya namna hiyo inapotoka, bei ya kiwanja hupanda au kushuka.

Sasa fikirini juu ya kikao kinachoamua barabara ipite wapi. Mmoja wa wajumbe ana ekari kumi kando ya njia ile. Hajaiba kitu. Lakini akipiga kura bila kusema, anapiga kura mbili: moja ya wananchi na moja ya shamba lake. Dawa yake ni nyepesi: aseme wazi kuwa ana maslahi, kisha akae kando wakati wa kuamua. Bibi aliyefidiwa mikorosho yake kwa bei ya mikorosho, kisha akaona ardhi ileile inauzwa kwa bei ya mji, ana haki ya kuuliza ni nani aliyejua mapema. Bila daftari atajibiwa kwa uvumi, na uvumi huwaumiza hata viongozi wasio na kosa.

MWANAFUNZI AFANYE NINI?

Huenda mtauliza, ikiwa mlango una masharti mengi hivyo, kusoma kwetu kuna faida gani? Faida ipo. Yako mambo manne ambayo raia anaweza kuyafanya leo.

La kwanza, kuuliza kwa adabu. Katika mkutano mwulize diwani au mbunge wako: Mheshimiwa, je, umepeleka tamko lako mwaka huu? Je, uko tayari kutueleza una ardhi wapi katika wilaya hii? Na mgombea aulizwe vivyo hivyo kabla ya kura. Sheria haimlazimishi kujibu, lakini watu watasikia amejibu nini.

La pili, kupeleka lalamiko ikiwa una jambo la kweli. Andika jina la kiongozi, jambo lenyewe, mahali, tarehe, na jinsi ulivyojua. Usiandike matusi. Usiandike ulichosikia kana kwamba umekiona. Weka nakala yako.

La tatu, kuomba habari nyingine za umma. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya 2016, inampa raia haki ya kuomba habari katika ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Sheria hiyo nayo ina mipaka, kwani habari za faragha ya mtu zaweza kuzuiwa. Lakini bajeti ya halmashauri na hesabu za mradi si faragha ya mtu.

La nne, kuanza na daftari lililo karibu. Katika mkutano mkuu wa kijiji, kila baada ya miezi mitatu, mapato na matumizi ya kijiji yapasa kusomwa. Nenda, sikiliza, andika namba katika daftari lako, na mkutano unaofuata linganisha. Mtu asiyeuliza hesabu ya kisima cha kijijini kwake hataweza kuuliza hesabu ya waziri.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kuna tofauti gani kati ya njia ya Azimio la Arusha na njia ya Sheria ya 1995?
2. Taja masharti matatu yaliyowekwa na Kanuni za 1996 kwa raia anayetaka kukagua daftari.
3. Kwa maoni yenu, ni habari gani za kiongozi zifaazo kubaki siri, na zipi zifaazo kusomwa na wote? Fanyeni orodha mbili ubaoni.
4. Je, mgombea atoe tamko kabla ya uchaguzi au baada yake? Kila anayejibu atoe sababu.
5. Kiongozi akiwa tajiri kabla ya kuchaguliwa, je, tamko linamsaidia au linamdhuru?

KAZI YA NYUMBANI

Kila mwanafunzi aandike tamko lake mwenyewe kwa ukurasa mmoja: mali, madeni na maslahi. Halitasomwa na mwalimu wala na mtu mwingine. Likunje uliweke mahali salama, na mwaka ujao siku kama ya leo uandike jingine, uyaweke pamoja. Utakapoona ugumu wa kukumbuka kila kitu, utaelewa kwa nini kiongozi mwaminifu naye aweza kusahau mbuzi mmoja. Utaelewa pia kwa nini si rahisi kusahau nyumba.

Katika somo lijalo tutajifunza kusoma hati ya kiwanja: mipaka, namba, na mihuri yake. Mwenye hati aje na nakala, hati yenyewe aiache nyumbani.